"Ukiona vyaelea": filamu za hali halisi na swala la wizi wa kura

0. Utangulizi

Katika mazungumzo ya darasani kuhusu lugha ya siasa, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba uchaguzi wa nchi fulani uliibwa. Nilipomwuliza anajuaje, alijibu bila kusita: "Mwalimu, tuliona kwa macho yetu." Alikuwa ameona filamu katika simu ya mwenzake. Wenzake waliitikia kwa vichwa, na majadiliano yakataka kuishia hapo, kwa maana nani atabishana na aliyeona?

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo: ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo kinachopita juu ya maji hakikuota pale chenyewe. Kuna fundi aliyekata mbao na kupiga misumari. Filamu nayo ni chombo cha namna hiyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi filamu za hali halisi zinavyounda habari ya wizi wa kura, jinsi lugha inavyozisaidia, na jinsi zinavyobadili usemi wa siasa. Tutatumia mifano miwili ya Marekani na miwili ya Afrika, kisha tutarudi nyumbani, Kongo, ambako swala hili si la kinadharia hata kidogo.

1. Filamu ya hali halisi ni nini?

Kwa kawaida tunatofautisha filamu ya kubuni, ambamo waigizaji hucheza hadithi iliyotungwa, na filamu ya hali halisi, ambayo huonyesha watu na matukio ya kweli. Lakini Mskoti John Grierson, mmoja wa waasisi wa fani hii, alikwisha kuieleza kama namna ya kushughulikia ukweli kwa ubunifu. Maneno hayo mawili, "ukweli" na "ubunifu", yanapaswa kushikwa pamoja. Picha yaweza kuwa ya kweli tupu, ila mpangilio wa picha ni kazi ya mtu. Mtengenezaji huchagua picha gani itangulie na ipi ifuate, sauti gani isikike juu yake, muziki gani upigwe, na jambo gani liachwe nje.

Hapa pana tofauti muhimu na ushahidi wa mahakamani. Mbele ya hakimu, kila upande huuliza maswali, na shahidi huweza kukanushwa papo hapo. Katika filamu, anayeuliza na anayejibu mara nyingi wako upande mmoja, na mtazamaji hana njia ya kukatiza. Kwa hiyo tunapojadili filamu kuhusu wizi wa kura, swali letu la kwanza lisiwe "je, inagusa moyo?" bali "je, inathibitisha nini hasa?"

2. Linalowezekana: Hacking Democracy

Mfano wetu wa kwanza ni Hacking Democracy, filamu iliyoonyeshwa na televisheni ya HBO mwaka 2006. Inafuata juhudi za Bev Harris, mwanamke wa jimbo la Washington aliyekuwa akichunguza mashine za kuhesabia kura za kampuni ya Diebold. Kilele chake ni jaribio lililofanyika Desemba 2005 katika wilaya ya Leon, jimbo la Florida, kwa idhini ya Ion Sancho, aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi wa wilaya hiyo.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi kulifahamu. Watu wanane walipiga kura kwenye karatasi, wakijibu kama mashine hiyo yaweza kuchezewa au la. Sita walijibu hapana, wawili wakajibu ndiyo. Mtaalamu kutoka Finland, Harri Hursti, alikuwa amebadili kabla ya hapo kadi ya kumbukumbu inayotiwa katika mashine. Karatasi zilipopitishwa, mashine ilitoa jibu jingine kabisa: saba ndiyo, mmoja hapana. Mapema mwaka 2006 wataalamu walioitwa na serikali ya jimbo la California walichunguza mfumo huo, wakakubali kwamba udhaifu huo ulikuwapo.

Tuangalie vizuri kilichothibitishwa. Filamu haikuonyesha uchaguzi fulani uliogeuzwa kwa kadi ile. Ilionyesha kwamba mlango haukuwa na komeo. Tena ilionyesha jambo la pili, ambalo watazamaji wengi hulipita: zile karatasi nane zilibaki mezani, na mtu yeyote angeweza kuzihesabu upya kwa mkono. Karatasi ndiyo iliyoiumbua mashine. Filamu hii basi inaheshimu mpaka wake: kitenzi chake kikuu ni "kuwezekana", na mashahidi wake waliweza kupimwa na watu wengine wasiokuwa upande wake.

3. Linalodaiwa kutendeka: 2000 Mules

Mfano wa pili ni 2000 Mules, filamu ya Dinesh D'Souza iliyotolewa Mei 2022, kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2020. Hiyo haisemi kwamba wizi uliwezekana, inasema ulitendeka. Dai lake ni kwamba watu wasiopungua 2,000 walilipwa kuchukua kura kutoka kwa mashirika fulani na kuzitia katika masanduku ya barabarani, katika majimbo matano: Arizona, Georgia, Michigan, Pennsylvania na Wisconsin.

Ushahidi ulitolewa na shirika liitwalo True the Vote, lililonunua habari za mahali simu za mkononi zilipokuwa zikipita. Aliyehesabiwa kuwa mchukuzi wa kura za wizi ni mtu ambaye simu yake ilikaribia masanduku mara 10 au zaidi, na kufika kwenye mashirika hayo mara 5 au zaidi. Juu ya hesabu hizo ziliwekwa picha za kamera za ulinzi, zikionyesha watu wakitumbukiza bahasha.

Udhaifu wa hoja hii si mgumu kuuona mtu akitulia. Kwanza, habari za simu huonyesha kwamba mtu alikuwa karibu na mahali, wala si kwamba aligusa kitu. Masanduku yaliwekwa makusudi penye watu wengi, karibu na maktaba na ofisi za serikali. Dereva wa teksi au mchukuzi wa mizigo angepita hapo mara nyingi kwa wiki. Pili, filamu haikuonyesha hata mara moja mtu yule yule akiwa kwenye sanduku zaidi ya moja, ingawa dai lenyewe ni kuhusu watu waliozunguka masanduku mengi. Tatu, kutia bahasha zaidi ya moja si kosa kwa kila hali: katika Georgia, sheria inamruhusu mtu kupeleka kura za watu wa jamaa yake.

Yaliyofuata yanajulikana. William Barr, aliyekuwa mwanasheria mkuu chini ya Rais Trump mwenyewe, aliikataa hoja ya filamu hiyo katika ushahidi wake uliotangazwa na kamati ya Bunge Juni 2022. Mtu mmoja wa Georgia, aliyeonyeshwa katika filamu kana kwamba ni mhalifu, alichunguzwa na wakuu wa jimbo, ikaonekana alikuwa amepeleka kura za nyumba yake kwa halali, akashtaki. Februari 2024, mbele ya mahakama ya Georgia, True the Vote ilikiri kwamba haikuwa na majina wala nyaraka zilizodaiwa kutoka kwake ili kuthibitisha madai yake. Mei 2024 kampuni ya Salem Media, iliyoshiriki kuieneza filamu, iliomba radhi na kuacha kuisambaza. Mwishoni mwa mwaka huo D'Souza naye aliomba radhi kwa mtu yule, akaeleza kwamba picha za kamera hazikuwa zimeoanishwa na habari za simu kama alivyoambiwa, ingawa hakuliacha dai lake kuu.

Lakini radhi hufika kwa miguu, filamu ikiwa imekwisha kufika kwa ndege. Katika msimu wa uchaguzi wa mwaka 2022, huko Arizona, watu walikesha karibu na masanduku ya kura, wengine wamevaa vinyago na kubeba silaha, wakiwapiga picha wapiga kura. Novemba mosi hakimu wa mahakama ya shirikisho alilazimika kuwawekea mipaka. Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili: filamu iliyodai kulinda kura iliwafanya watu wa kawaida waogope kwenda kupiga kura.

4. Kazi ya lugha ndani ya picha

Sisi tulio wanafunzi wa lugha tuna neno la kuongeza, maana picha peke yake ni bubu. Picha ya mtu anayetia bahasha katika sanduku ni picha ya raia anayepiga kura. Ni lugha inayomgeuza kuwa mwizi. Inafanya hivyo kwa njia kama tatu.

a) Jina. Neno "mule" la Kiingereza ni nyumbu wa kubebea mizigo, yule ambaye wengine humwita baghala. Lakini katika lugha ya mitaani ni mtu anayesafirisha dawa za kulevya kwa ajili ya wakubwa. Katika Kiswahili cha magazeti ya Tanzania, mtu huyo huitwa punda. Basi mtazamaji anaposikia jina hilo, harufu ya uhalifu, ya malipo na ya mkubwa aliyejificha inakuwa imekwisha kuingia kabla ya ushahidi wowote. Kiswahili nacho kina ufundi huo. Nchini Kenya, mwaka 2017, Raila Odinga aliwaita waliotangazwa washindi "vifaranga vya kompyuta". Hoja ndefu ya kiufundi kuhusu mitambo ilibanwa katika picha moja ya kifaranga asiye na mama, ikakaa vinywani. Tofauti ni kwamba katika Kenya neno hilo lilifuatwa na kesi, na Septemba mosi 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, baada ya kuona kasoro kubwa katika upelekaji wa matokeo. Jina kali si uongo, wala si ushahidi. Ni mlango tu wa kuingilia.

b) Hesabu. Nambari 2,000 ni kamili na ya mviringo, tena imewekwa katika jina la filamu. Nambari humpa msikilizaji hisia kwamba mtu fulani amekaa akahesabu. Lakini kuhesabu kunataka vitu vinavyohesabika, ambavyo mwingine aweza kuvihesabu tena.

c) Umbo la kitenzi. Hapa Kiswahili kinatusaidia kufikiri vizuri kuliko lugha nyingine. Tulinganishe sentensi tatu:

Kura zinaweza kuibwa.
Kura ziliibwa.
Kura zilipotea.

Sentensi ya kwanza ni ya uwezekano. Hacking Democracy imesimama hapo. Ya pili ni ya kauli ya kutendwa: inadai tendo na mtendaji, ijapokuwa mtendaji hatajwi. Kila anayesema "ziliibwa" ana deni la kujibu: na nani, wapi, lini, ngapi? Mtego wa filamu nyingi ni kumtoa mtazamaji kwenye sentensi ya kwanza na kumfikisha kwenye ya pili bila kumwambia kwamba amevuka mto. Sentensi ya tatu haina mtendaji kabisa, kana kwamba kura zilijiondokea zenyewe kama mbuzi waliokata kamba. Hiyo ndiyo sentensi inayopendwa na wakuu wa ofisi za uchaguzi. Tutaiona tena.

5. Afrika: karatasi na makelele

Katika bara letu, filamu kadhaa zimefuata njia nyingine: badala ya kueleza wizi baada ya tendo, kamera huandamana na watu siku kwa siku. President, filamu ya Camilla Nielsson ya Denmark (2021), inamfuata Nelson Chamisa katika uchaguzi wa Zimbabwe wa tarehe 30 Julai 2018. Agosti mosi askari walifyatua risasi mjini Harare, wakafa watu sita. Tarehe 3 Agosti tume ilimtangaza Emmerson Mnangagwa kwa asilimia 50.8, kiasi kidogo tu juu ya nusu iliyohitajika ili kuepuka duru ya pili. Kesi ilipofika mahakamani, swala kubwa lilikuwa fomu iitwayo V11, ile inayoandikwa katika kila kituo na kubandikwa nje. Tarehe 24 Agosti Mahakama ya Katiba iliikataa kesi, ikisema walalamikaji hawakuleta ushahidi wa msingi, yaani masanduku na fomu zenyewe.

Mtazamaji wa President anabaki na mashaka makubwa juu ya uchaguzi ule, na ana haki ya kuwa nayo. Hata hivyo filamu inamfundisha pia, pengine bila kukusudia, kwamba mashaka hayatoshi. Chama ambacho mashahidi wake hawakukusanya fomu zote usiku ule ule, hata kama kimeonewa, kitafika mbele ya majaji mikono mitupu.

Filamu ya pili ni ya nyumbani. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitengeneza Atalaku (2013) kuhusu kampeni ya mwaka 2011 mjini Kinshasa. Jina lenyewe latoka katika Kikongo, lenye maana ya "tazama hapa", nalo huitwa hivyo mpiga kelele anayechangamsha muziki wa Kinshasa. Katika filamu, Gaylor, mchungaji asiye na fedha, anageuka kuwa mpiga debe wa mgombea anayemlipa. Hatuonyeshwi sanduku lililojazwa kura kwa siri. Tunaonyeshwa jinsi sauti ya mtu inavyouzwa, na jinsi njaa inavyofanya kazi ambayo mwizi hana haja ya kuifanya. Ni picha ya udanganyifu usioandikwa katika PV yoyote.

6. Elfu mbili na elfu mbili

Turudi kwenye uchaguzi huo huo wa tarehe 28 Novemba 2011, maana ndani yake kuna fundisho. Kituo cha Carter, kilichopeleka watazamaji, kilisema matokeo ya urais hayakuwa ya kuaminika. Kilitoa sababu zinazohesabika. Katika sehemu za Katanga, hasa Malemba-Nkulu, waliojitokeza walikuwa kati ya asilimia 99 na 100, na karibu kura zote zilikwenda kwa mgombea mmoja, Rais Joseph Kabila. Mjini Kinshasa, matokeo ya vituo karibu 2,000 hayakupatikana kabisa.

Basi tunazo elfu mbili mbili. Elfu mbili za Marekani ni watu ambao hakuna aliyewataja kwa majina, wala fomu iliyowaonyesha. Ila walitiwa muziki, wakaaminiwa na umati. Elfu mbili za Kinshasa ni vituo vyenye mahali pake na wapiga kura wake. Ila viliingia katika taarifa kwa kitenzi kile baridi: vilipotea. Hatukumbuki kuona filamu iliyosikika duniani kote juu yake. Kitu kinachoshtua si lazima kiwe cha kweli, na kitu cha kweli si lazima kishtue.

Mwaka 2018 tulijifunza zaidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, Baraza la Maaskofu (CENCO), lililokuwa na watazamaji wapatao 40,000, lilitangaza kwamba hesabu zake zilionyesha mshindi aliye wazi, bila kumtaja. Tarehe 10 Januari 2019 CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57. Gazeti la Financial Times likachambua hesabu zilizovuja, za karibu asilimia 86 ya kura, likampa Martin Fayulu asilimia 59.4. Mahakama ya Katiba iliikataa kesi yake. Anayetaka kujadili uchaguzi ule ana kitu cha kushika mkononi: jedwali linaloweza kulinganishwa na jedwali. Na Januari 2024 ni CENI yenyewe iliyofuta kura za wagombea 82 katika uchaguzi wa Desemba 2023, ikitaja makosa kama udanganyifu na kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria.

Mambo haya yanaonyesha hatari mbili, si moja. Ya kwanza ni kuamini kila filamu inayolia wizi. Ya pili, ambayo kwetu ni kubwa zaidi, ni kwamba filamu za uongo zinapoumbuliwa, wezi wa kweli hupata kisingizio: kila anayelalamika ataambiwa kwamba na yeye "ameona filamu". Uongo mmoja wa mbali waweza kuzika ukweli kumi wa karibu.

7. Maswali ya kumsaidia mtazamaji

Tunapendekeza maswali matano, ambayo mwalimu aweza kuyatumia darasani mara filamu inapokwisha:

1) Filamu inasema liliwezekana, au inasema lilitendeka? Ni dakika gani ilipovuka kutoka la kwanza hadi la pili?
2) Picha hii bila sauti ingeonyesha nini?
3) Nani ametajwa kuwa mtendaji, naye alipewa nafasi ya kujibu?
4) Je, kuna karatasi, fomu au PV ambayo mtu mwingine aweza kuihesabu upya?
5) Baada ya filamu, mahakama na wachunguzi wasiokuwa upande wowote walikuta nini?

Mwanafunzi atakayeyazoea maswali haya atayatumia pia kwa zile video fupi za simu zinazozagaa kila uchaguzi, ambazo ni filamu zisizo na jina la mtengenezaji.

8. Hitimisho

Hatusemi kwamba filamu hizi ni za kuepukwa. Bila Hacking Democracy, watu wengi wasingalijua kwamba mashine yahitaji karatasi ya kuisuta. Bila Atalaku, watoto wetu wasingaliona kampeni ya 2011 ilivyonuka njaa. Tunalosema ni kwamba filamu ni mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake. Yule mwanafunzi aliyesimama darasani hakukosea kusema kwamba aliona. Alisahau tu kuuliza nani aliunda chombo alichokiona kikielea, na kwa mbao gani.

Siku ya uchaguzi ujao, kazi kubwa haitafanywa na kamera. Itafanywa na shahidi aliyekaa kituoni hadi usiku wa manane, akasoma PV mstari kwa mstari, akapata nakala yake yenye saini, akaiweka mahali pa usalama. Kazi hiyo haina muziki. Lakini ndiyo inayotuwezesha kusema "ziliibwa" tukiwa na jibu la "na nani", au kukiri kwa moyo mweupe kwamba hazikuibwa.